Miaka tisa niliwaita "vijana wangu". Nikaondoka miezi minne, nikakuta sita

#1 Mleta uzi

Wakuu, uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, sitakwazika.

Mimi ni mlezi wa vijana kanisani. Nilikabidhiwa kikundi nikiwa na miaka 26, sijaoa, nina gitaa na jioni zangu zote hazina kazi. Nilikuta vijana kumi na watatu, nusu yao wakija kwa sababu mama zao walikuwa na kikao chumba cha pili. Miaka tisa baadaye tulikuwa tunakaribia sabini. Kambi kila mwaka, mkesha kila mwisho wa mwezi, maigizo, kundi la WhatsApp lisilolala. Mchungaji akinitambulisha kwa wageni alisema, "Huyu ndiye mwenye vijana." Nami nainamisha kichwa kwa unyenyekevu huku kifua kinavimba.

Ufunguo wa ukumbi ulikuwa mmoja na ulikaa mfukoni mwangu. Nikichelewa, wanasubiri nje. Niliona ni utaratibu mzuri tu.

Kazi ikanipeleka mbali kwa miezi minne. Nikaandika maelekezo kurasa mbili, nikampa mzee mmoja wa kanisa ule ufunguo, tukaagana kwa maombi na machozi. Wiki ya tatu zikaanza jumbe: mlezi, unarudi lini? Wiki ya saba kundi likapoa. Mtu akituma andiko asubuhi halipati hata "amina". Niliporudi nilikuta sita.

Kwanza nilimlaumu yule mzee, kwamba ni mkali na vijana hawawezi. Kisha nikalaumu simu, kisha dunia. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kama mtu anayedai deni. Nyumba ya tano au ya sita, binti wa miaka kumi na minane akaniambia bila ukali wowote, "Mlezi, sisi tulikuwa tunakuja kwako." Alilisema kama mtu anayekutajia saa. Usiku ule sikulala.

Tangu hapo nasoma upya habari za kuhani mzee Eli na mtoto Samweli aliyekuwa chini ya ulezi wake, 1 Samweli sura ya 3. Tumezoea kuihubiri upande wa mtoto: sauti ya usiku, utii, "nena, Bwana". Mimi nimeanza kuisoma upande wa mzee. Kijana anaamka usiku, mara tatu, anamkimbilia Eli akisema nimekuja maana umeniita. Mlezi anayependa kukimbiliwa angesema karibu mwanangu, keti nikuombee. Eli anamrudisha akalale. Mara ya tatu anang'amua kinachoendelea, anamfundisha jibu la sentensi moja, anamrudisha tena. Hakumsindikiza. Hakusimama mlangoni kusikiliza. Na neno lenyewe lilipokuja lilimhusu yeye Eli na wanawe waliomshinda. Asubuhi kijana anaogopa kufungua kinywa, mzee anamwambia usinifiche.

Miaka tisa yote mimi nilikuwa Eli anayejibu, "Ndiyo, ni mimi niliyekuita."

Nimeleta hapa kwa sababu najua humu mko walezi, wachungaji, wazazi, na waliowahi kuwa vijana wa mtu. Semeni.

#2

Mkuu nakuheshimu, ila umejichapa viboko bure. Kijana hafuati mafundisho, anafuata mtu. Mimi nimeokoka kwa sababu ya mlezi aliyekuja kunitazama nilipovunjika mguu, na mahubiri yake sikumbuki hata moja. Yesu mwenyewe alisema nifuateni, hakugawa vijitabu. Ukianza kujiweka mbali ili wasikuzoee utaishia kuwa msimamizi wa ratiba. Halafu hao sitini na kitu, wangapi walikuwa wanamaliza shule mwaka huo? Angalia umri wao kwanza kabla ya kujihukumu.

#3 Mleta uzi

Umri nimeuangalia mkuu. Kama kumi na wawili kweli maisha yaliwachukua. Waliobaki wapo, nakutana nao njiani, wananisalimia vizuri kabisa.

Lakini hoja yako ya kumfuata mtu siipingi, nimeifikiria sana. Marko sura ya 3 inasema aliwaweka kumi na wawili wawe pamoja naye, na awatume. Yote mawili yako kwenye sentensi moja. Nilivyosoma zamani nilikuwa naishia kwenye "pamoja naye". Ukifika sura ya 6 ameshawatuma wawili wawili, na ukifika sura ya 8 bado anawauliza, hamjafahamu bado? Maana yake aliwatuma wakiwa hawajaelewa. Mimi ningewasubirisha wamalize semina zote saba. Nilikuwa nazo saba, nimezitengenezea hadi vyeti.

Kisha kwenye Yohana 16 anawaambia yawafaa yeye aondoke. Sikuwahi kufikiri kwamba kuondoka kwangu kunaweza kumfaa mtu. Niliandika kurasa mbili za maelekezo ili kila kitu kiende kama vile sijaondoka.

#4

Mimi ni mmoja wa walioondoka. Si kwenye kikundi chako, kwingine, ila hadithi ni ile ile. Niseme ya upande wetu.

Mlezi wetu alikuwa mtu mzuri. Kaka yangu aliugua, tukafunga na kuomba siku nyingi, kikundi kizima, na kaka akafa. Baada ya mazishi nikamwuliza mlezi kwa nini. Alinijibu ndani ya sekunde mbili. Jibu lilikuwa sahihi nadhani, lina andiko na kila kitu. Lakini sekunde mbili! Nikajua swali hajalisikia.

Baada ya hapo nikawa naimba tu. Nilikuwa naigiza kwenye igizo na naigiza igizo likiisha. Mwaka mzima hakuna aliyegundua kwa sababu nilikuwa nahudhuria. Walezi mnahesabu vichwa, na kichwa changu kilikuwepo.

Aliyenishika si mlezi. Ni bibi mmoja wa benchi la nyuma ambaye kila Jumapili alikuwa ananiuliza "umeamkaje mjukuu wangu" halafu ANASUBIRI jibu. Siku moja nikamwambia bibi, mimi siamini tena. Akasogea akasema, "Haya, kaa hapa karibu nami usiamini." Bado nakaa hapo. Sijui niseme nimerudi au la, ila nakaa hapo.

#5

Nimesoma #4 nimeweka simu chini kwanza.

Naandika kama mzazi. Mwanangu ana miaka kumi na sita na ana mlezi anayempenda sana. Nikimwuliza jambo ananijibu "nimeshaongea na mlezi". Nashukuru ana mtu wa kuongea naye, maana mimi na baba yake hatukulelewa kwa kuongea. Lakini siku moja nilikuwa nje ya ukumbi nasubiri kumchukua, nikamsikia mlezi akiwaambia, "Hapa ndipo penye familia yenu ya kweli." Alikuwa anawatia moyo, naelewa. Lakini yule ni mwanangu. Nilimzaa mimi.

Mbona wazazi hatuitwi? Tunaitwa siku ya kuchangia kambi, baada ya hapo tunasikia tu kwamba kambi ilikuwa ya baraka.

#6 Mleta uzi

Mama, sentensi hiyo nimewahi kuitamka. Neno kwa neno. Niwie radhi, mimi na huyo mwenzangu.

Kuna utafiti mkubwa wa vijana na dini ulioanza Marekani mwaka 2001, ukiongozwa na mwanasosholojia Christian Smith. Walihoji vijana zaidi ya 3,000 kwa simu, kisha wakakaa ana kwa ana na baadhi yao. Matokeo ya kwanza yalichapishwa 2005. Waliona kwamba anayechonga dini ya kijana kuliko mtu mwingine ni mzazi wake, hata pale ambapo kijana anaonekana hamsikilizi kabisa. Na waliona pia kwamba vijana wengi, hata wanaohudhuria vizuri, wakiulizwa wanaamini nini wanakosa maneno. Hilo la pili lilinichoma zaidi. Nilikaa nikajiuliza, katika sabini wangu, ni wangapi nimewahi kuwasikia wakieleza imani kwa maneno yao wenyewe, si ya kwangu? Walikuwa wanasema "amina" kwa sauti moja, na hata utani wangu walikuwa wanauiga.

Kuhusu yule bibi wa #4: wako walimu wa huduma ya vijana wanaosema hesabu igeuzwe. Tumezoea kuuliza mtu mzima mmoja anatosha vijana wangapi. Wao wanasema tafuta watu wazima watano kwa kila kijana mmoja. Wasiwe walezi wote, wawe watu tu: mmoja anajua jina lake, mwingine anaijua kazi anayoitamani, mwingine anamsubiri ajibu "umeamkaje".

#7

Niongeze historia kidogo, maana tunaongea kana kwamba huduma ya vijana siku zote ni watu wazima kuwahudumia watoto. George Williams alikuwa na miaka 22, mfanyakazi wa duka la vitambaa London, alipokusanya wenzake mwaka 1844 kusoma Biblia na kuomba. Ndiyo YMCA hiyo, chama cha vijana Wakristo. Francis Clark alikuwa mchungaji Portland, jimbo la Maine, Marekani, alipoanzisha chama cha vijana cha Christian Endeavor mwaka 1881. Vijana wake waliahidi si kuhudhuria tu bali kushiriki katika kila mkutano wa maombi, hata kwa neno moja, na kazi ziligawanywa kwa kamati za vijana wenyewe. Kutoka usharika mmoja mtindo ule ukaenea nchi nyingi sana.

Na ndugu zetu Wakatoliki wana Don Bosco, padri wa Italia. Alianza na vijana wa mitaani Turin mwaka 1841. Alishika mambo matatu: akili, dini na upendo, na alitaka mlezi awe uwanjani wakati wanacheza, si ofisini akisubiri waliokosea waletwe. Mwaka 1859 alipounda shirika lake, wengi wa waliokuwa naye chumbani walikuwa vijana aliowalea mwenyewe. Mmoja wao, Michele Rua, alikuja kwake akiwa mtoto. Don Bosco alipofariki 1888, huyo ndiye aliyeshika nafasi yake.

#8 (ni mimi wa #2)

Asante, umenipa ushahidi. Don Bosco alifuatwa yeye kama mtu.

#9 (wa #7)

Alifuatwa, ndiyo. Na alipokufa hawakubaki sita.

#10 (wa #2 tena)

Hapo sina la kujibu. Naendelea kusoma.

#11

Samahani wakubwa, sijui kama swali langu linafaa hapa. Nina miaka 23, ni mlezi msaidizi, wa kiume. Kuna binti wa miaka kumi na sita kwenye kikundi ananitumia ujumbe usiku, saa tano, saa sita. Mwanzo ilikuwa maswali ya Biblia. Sasa ni mambo ya nyumbani kwao. Juzi ameniambia kuna jambo anataka kunieleza ila niape kwamba sitamwambia mtu. Nikaapa. Akaniambia. Ni jambo zito, linamhusu mtu mzima wa nyumbani, siwezi kuliandika hapa. Sasa nimebeba na sijui pa kulitua. Nikisema, nimevunja kiapo na hataniamini tena wala hataamini kanisa. Nikinyamaza je?

#12

Mwanangu, swali lako linafaa kuliko yote yaliyoandikwa humu. Mimi nimelea vijana miaka ishirini na saba, mama wa watu wazima sasa. Nisikilize taratibu.

Kiapo hicho hukupaswa kukitoa, lakini hukujua, wengi wetu tulianza hivyo hivyo. Kijana akisema "usimwambie mtu", jibu ni hili: "Nitakusikiliza, na sitalisambaza. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, au utaumia, itabidi tumtafute mtu wa kutusaidia, na nitakuambia kabla sijamwambia." Unalisema KABLA hajafungua kinywa. Wachache sana hunyamaza baada ya hapo. Wengi husema, kwa sababu ndicho walichokuwa wanatafuta.

Wewe umeshaapa, basi rudi kwake. Mchana, mahali penye watu, mlezi wa kike akiwa anawaona hata kama hasikii. Mwambie nilikosea kukuahidi siri, jambo hili ni kubwa kuliko mimi na wewe, hukufanya kosa lolote kuniambia, na leo namwambia fulani. Mtaje huyo fulani. Atakasirika. Huenda akalia, akakufuta kwenye simu. Mwache akasirike. Hasira yake wewe utaibeba, lakini yeye asiendelee kubeba kile kingine peke yake.

Kisha nenda leo, si Jumapili, kwa mtu aliyewekwa na kanisa lenu kusimamia usalama wa watoto. Kama hamna mtu huyo, au kama ana undugu na anayetajwa, nenda moja kwa moja kwa ustawi wa jamii au polisi. Andika alichokuambia kwa maneno yake yeye, tarehe na saa. Usiyatafsiri maneno yake, usiyalainishe. Wala usimhoji. "Alikufanyaje, mara ngapi, wapi" si maswali yako. Wako waliofundishwa kuuliza bila kumpandikizia mtoto majibu. Wewe kazi yako ilikuwa kusikia na kuamini.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa maana nimeliona likitokea na bado linaniuma: USIKUBALI WAMKALISHE NA HUYO MTU ILI WAPATANISHWE. Watakuja wazee wenye nia njema, watafungua Biblia penye msamaha, watasema tulimalize kikanisa. Hapana. Mtoto aliyeumizwa akilazimishwa kushika mkono wa aliyemwumiza na kusema "nimekusamehe" mbele ya watu sita waliovaa suti, ameumizwa mara ya pili, na safari hii kwa jina la Mungu. Msamaha utakuja wakati wake au hautakuja, hiyo si ajenda ya wiki hii.

Sasa wewe. Ujumbe wa saa sita usiku usiujibu. Ujibu asubuhi, na mlezi wa kike awe kwenye mazungumzo hayo. Usimpe lifti akiwa peke yake. Mkiongea, mlango uwe wazi. Watu watasema unamshuku shetani kila kona. Waambie utaratibu huu si kwa sababu wewe ni mbaya. Mbaya anapenda mahali pasipo na utaratibu, kwa sababu hapo hawezi kutofautishwa na mwema.

#13 (wa #11)

Mama asante. Natetemeka lakini asante. Kanisani kwetu mtu huyo hayupo. Naenda nje.

#14 (wa #12)

Nenda na mtu mzima mwenzako, usiende peke yako. Na ukishamaliza, wewe pia tafuta wa kukusikiliza, ila usimtaje binti.

#15

Sijui kama ni sahihi kuendelea na mada baada ya hayo, lakini mama wa #12 amegusa jambo la watu sita wenye suti.

Kwetu binti wa kwaya alipata mimba. Baba wa mtoto alikuwa kijana wa kikundi hicho hicho, mpiga ngoma. Binti alisimamishwa uimbaji, akatangazwa mbele ya kanisa. Mpiga ngoma alisimamishwa wiki mbili, halafu ikaonekana ibada haichangamki, akarudishwa. Miezi mitano binti alikaa nyuma akisikiliza ngoma. Alipojifungua hakurudi tena. Na mlezi wetu, ambaye alijua yote, alichosema ni kwamba uamuzi ulikuwa wa baraza.

Naomba walezi mnieleze. Mnasema mnatulea. Mtu akianguka, ulezi unaishia wapi?

#16 Mleta uzi

Hauishii. Lakini nikikujibu hivyo tu nitakuwa wa sekunde mbili.

Mimi nimewahi kusema "uamuzi ulikuwa wa baraza". Kwa jambo jingine, dogo kuliko hilo, lakini nilisema, na nilijua wakati natamka kwamba nilikuwa na nafasi ya kusimama nikakaa. Mlezi akiogopa kupoteza nafasi yake hawezi kumtetea anayepoteza yake.

Ninachokishika ni habari za Marko. Alikuwa kijana kwenye safari ya Paulo na Barnaba, akawaacha njiani akarudi Yerusalemu. Safari ya pili Barnaba anataka kumchukua, Paulo anakataa katakata. Matendo 15 haifichi: wakashindana hata wakatengana. Fikiri, mitume wawili wanaachana kwa sababu ya kijana mmoja aliyeshindwa kazi! Barnaba akamchukua akaenda naye Kipro, na kitabu kikamfuata Paulo, Barnaba hasikiki tena safarini. Alilipa kwa jina lake. Miaka mingi baadaye Paulo yuko kifungoni anamwandikia Timotheo, mlete Marko, ananifaa. Mtu anayefaa alitengenezwa mahali ambapo Paulo hakuwepo kuona.

Kuna mtu alipaswa kutoka nje na yule binti akakae naye benchi la nyuma. Ikibidi kwa jina lake. Halafu baraza liulizwe kwa sauti, mbele ya mpiga ngoma, kwa nini dhambi moja ina adhabu mbili.

#17

Swali dogo tu kwa mleta uzi. Umesema ulikuwa na kambi, mkesha, maigizo. Fedha za vijana alishika nani?

#18 Mleta uzi

Mimi. Sikula hata senti, lakini hakuna aliyeweza kulithibitisha hilo, hata mimi. Sasa wanashika wao wawili, wanahesabu wawili, wanasoma hesabu mbele ya wenzao. Mwezi wa kwanza ilipungua kidogo wakaipata kwenye begi la gitaa. Langu.

#19 (wa #5)

Mwanangu, hujatuambia mwisho wa wale sita.

#20 Mleta uzi

Mama, kweli nimezunguka sana.

Niliporudi mpango wangu ulikuwa kuwarudisha sabini. Nilishaanza kupanga tamasha. Baada ya ile kauli ya binti nikafuta tamasha, nikakaa na sita. Nikawaambia sijui tufanye nini, ninyi mnaonaje. Walinyamaza sana. Walidhani ni mtego, maana nimewahi kuuliza hivyo mara nyingi nikiwa na jibu mfukoni.

Wakaanza kugawana. Kila juma mmoja anaongoza. Jumamosi ya kwanza aliyeongoza alizungumza dakika nane akamaliza, na muda uliobaki ulikuwa saa nzima na zaidi. Kimya. Wakuu, sijawahi kupata mateso kama hayo. Mdomo wangu ulikuwa unawasha. Nilikalia mikono yangu, si kwa kusema tu, niliikalia kweli. Baada ya kama dakika nne mmoja akasema, "Mimi hilo ulilosoma sikubaliani nalo." Tulitoka pale usiku.

Wanakosea. Mmoja alifundisha jambo ambalo si la imani yetu kabisa, na nilimrekebisha baadaye tukiwa wawili nje, watu wanapita. Alibisha. Wiki iliyofuata akalirekebisha mwenyewe mbele ya wenzake, kwa njia ambayo mimi nisingeiweza, akasema "nilikuwa nimekurupuka". Wazazi tunawaita kila baada ya miezi miwili, na wao ndio wanaoulizwa maswali. Baba mmoja alieleza mbele ya binti yake alivyowahi kuacha kanisa miaka sita. Binti hakuwahi kujua.

Kwenye kundi la WhatsApp nimeacha kutuma andiko la asubuhi. Siku tano hakuna aliyetuma. Siku ya sita akatuma mmoja, saa nne, akiwa amechelewa kuamka.

Sasa wapo kumi na tisa. Wale wa zamani wamerudi wanne, wengine sijawafuata tena kama mdai. Nikikutana nao nawauliza wameamkaje, na najifunza kusubiri. Yule binti wa "tulikuwa tunakuja kwako" ni mmoja wa waliorudi. Ana miaka kumi na tisa sasa na ufunguo wa ukumbi anao yeye.

Jumamosi iliyopita niliwahi kufika. Mlango umefungwa, hakuna mtu. Nikagusa mfuko kwa mazoea. Nikakaa kwenye ngazi nikasubiri. Alichelewa dakika ishirini na tano, akaja anakimbia, anahema, "Samahani mlezi," akafungua, akaingia kupanga viti. Hakuniambia nimsaidie. Nikabaki kwenye ngazi kidogo.